Maisha ya Tisa Nukta Nane na Saa Yake

Ndugu, jamaa, majirani, wanafunzi wake wa zamani, wanafunzi wa sasa wa chuo, na ninyi wageni waheshimiwa mliowekewa viti vyenye mito pale mbele, mimi ni mtoto wa kwanza wa marehemu, binti yake wa pekee, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, lakini kabla sijaanza nabonyeza kitufe cha saa hii iliyowekwa juu ya jeneza, ile ambayo Idara ya Fizikia imeileta asubuhi hii ikiwa imefunikwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga, na ninamwomba kila mwenye saa ya mkononi au simu atazame sasa hivi ni saa ngapi, dakika ngapi na sekunde ngapi, aikumbuke hiyo namba, na asiniulize kwa nini, kwa sababu nikimaliza kusoma nitasema mwenyewe.

Haya, imeanza kutembea, na mimi naanza.

Baba alizaliwa Ijumaa, tarehe 11 Februari 1944, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga, mtoto wa tatu kati ya watano wa baba mwashi, aliyejenga nyumba za nusu ya mtaa na kufia katika nyumba ya mtu mwingine, na mama aliyefua nguo za watu. Maelezo niliyopewa na kamati ya mazishi, yaliyoandaliwa na baba mdogo aliyekaa pale na miwani yake mipya, yanasema kwamba marehemu alizaliwa akiwa na kiu ya elimu, mimi sikuwepo, baba mdogo naye alikuwa hajazaliwa, ila bibi aliyekuwepo alituambia kwamba alizaliwa akiwa na kikohozi, basi tuandike kikohozi.

Alianza shule ya msingi Januari 1952, na ilipofika mwaka 1956, akiwa darasa la tano, alichomeka kijiti uwanjani, akakitazama kivuli chake kila siku wakati wa mapumziko, akagundua kwamba kengele ya adhuhuri ilikuwa inagongwa kivuli kikiwa kimeshaanza kurefuka tena, akaenda mwenyewe ofisini kwa mwalimu mkuu, hakutumwa na mtu, akamwambia, "Mwalimu, kengele yetu imechelewa," akachapwa viboko sita mbele ya shule nzima, na wiki iliyofuata kengele ikaanza kugongwa mapema zaidi bila mtu kusema lolote. Alikuwa akitusimulia kisa hiki kila mwaka shule zilipofunguliwa, akijipigapiga paja na kusema, "Nilichapwa kwa kupatia," nasi tulicheka, kwa kuwa alikuwa na kipaji cha kusimulia, na ninawaomba mkishike kisa hiki mkononi kama tiketi, mtakihitaji mbele ya safari.

Alimaliza sekondari mwaka 1964 akiwa wa kwanza katika hesabu na wa kwanza katika fizikia, akaingia chuo kikuu Julai 1965 kusomea hiyo fizikia, na siku ya kumuaga, nyumba ikiwa imejaa wageni, shangazi yangu, dada yake mkubwa, huyu hapa kando ya mama, aliuliza kwa sauti, "Fizikia ndiyo nini tena, utakuja kuwa fundi redio?" watu wakacheka, baba akanuna, na kununa kule kukadumu miaka hamsini na tisa. Shangazi, usiinamishe kichwa, swali lako lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kuulizwa, nalo lilistahili jibu, kwa maana mtoto wa mwashi anapokwenda kusoma, wanaobaki nyumbani wana haki ya kujua anarudi kuwa nani, lakini yeye alikujibu kwamba fizikia haisomewi kazi, na jibu hilohilo aliwapa wanafunzi wake miaka thelathini na miwili, vijana waliokuwa na kodi ya chumba ya kulipa na wadogo zao wa kusomesha, yeye mwenyewe akiwa na kazi, nyumba ya chuo na mshahara wa kila mwezi kutokana na hiyohiyo fizikia isiyosomewa kazi.

Alipata shahada ya kwanza mwaka 1968, akaenda ng'ambo mwaka 1969, mji wa baridi ambao hakuupenda na hakuacha kuutaja, akarudi Agosti 1974 na shahada ya uzamivu, makoti mawili, na saa hii mnayoiona, aliyozawadiwa na profesa wake, ganda lake ni shaba, kioo chake kizito, mshale mrefu unazunguka mara moja kwa dakika na mshale mfupi unahesabu hizo dakika, unabonyeza inakwenda, unabonyeza inasimama. Siku alipokabidhiwa ilikuwa saa ya kweli, nalisema hilo waziwazi, kwa kuwa nimekuja hapa kusema kweli zote, hata zile zinazomfaa yeye.

Aliajiriwa na chuo tarehe 2 Septemba 1974, akawa Mkuu wa Idara ya Fizikia mwaka 1983, na katika kufundisha, jamani, alikuwa mtu, alichora duara ubaoni kwa mkono mmoja bila kutazama, aliweza kukueleza kwa nini anga ni buluu mpaka ukaona aibu kwamba hukuwahi kuuliza, na wapo waliobadili masomo wakamfuata baada ya kumsikia mara moja tu wakiwa wanapita dirishani. Lakini jina lake chuoni halikutokana na hayo, jina lake lilikuwa Tisa Nukta Nane, na kwa ajili ya mama, shangazi na wengine ambao hawakupita pale, inanibidi nieleze lilikotoka.

Kulikuwa na jaribio la mwaka wa tatu ambalo bila kulifaulu hupati shahada, hata kama masomo mengine yote umeyafaulu, na lilifanyika katika chumba cha mwisho cha ukumbi wa chini, chenye dirisha moja lililopakwa rangi nyeusi, mnaingia mmoja mmoja, mlangoni kuna kikapu unaacha saa yako ya mkononi, ndani kuna uzi, kipande cha chuma cha mviringo, rula, na saa hii, basi. Unafunga chuma kwenye uzi, unakiacha kibembee, unahesabu kinakwenda na kurudi mara ngapi, unapima muda kwa saa ya Mwalimu na si nyingine, halafu kwa hesabu ambayo mwanafunzi yeyote wa fizikia anaijua unapata namba inayoonyesha dunia inavuta vitu kwa nguvu kiasi gani, na namba hiyo vitabu vyote vinasema ni tisa nukta nane, pungufu kidogo au zaidi kidogo. Ukitoka na tisa nukta nane umepita, ukitoka na namba nyingine Mwalimu anaitazama karatasi yako kwa juu ya miwani, anauliza, "Umepimia sayari gani?" na kukuandikia sifuri.

Sasa nirudi nyuma kidogo kwenye ndoa, kwa sababu ya chupa ya mafuta. Baba alimwoa mama Jumamosi, tarehe 7 Desemba 1974, mama akiwa fundi wa kushona mwenye cherehani yake na wateja wake, na katika maisha yao ya miaka arobaini na tisa waliheshimiana zaidi ya walivyozungumza, na mwaka 1981, mimi nikiwa na miaka sita, saa hii ilianza kukwamakwama, mama akamshauri aipeleke kwa fundi saa aliyekuwa na meza yake karibu na posta, baba akamjibu, "Fundi saa anajua nini kuhusu muda?" akaifungua mwenyewe kwenye meza ya chakula, akachukua chupa ya mafuta ya cherehani ya mama na unyoya wa kuku, akaanza kuipaka kila gurudumu, mama akamwambia, "Bwana wee, hayo ni ya kushonea," naye akamwambia kwamba mafuta ni mafuta. Saa ikatembea vizuri mwezi mmoja, miwili, mwaka, kisha yale mafuta yakakamata vumbi, yakawa mazito, na saa ikaanza kuchelewa kidogokidogo mpaka ikatulia kwenye uchelewaji wake, sekunde tatu katika kila mia, jambo ambalo hakuna mtu angeweza kuliona, kwa kuwa hakuna aliyepima nayo kitu kirefu kuliko dakika mbili, tatu, na pia kwa kuwa saa nyingine zote zilikuwa zimebaki kikapuni.

Sekunde tatu katika mia ni kitu kidogo, unaweza kuzipoteza kwa kupiga chafya, lakini ukizitia kwenye ile hesabu ya uzi na chuma, namba inayotoka si tisa nukta nane, inatoka kumi nukta nne, na inatoka hivyo kila mara, kwa kila aliyefunga uzi wake vizuri, akahesabu vizuri, akaandika alichokiona. Hao ndio walioulizwa sayari. Na waliopita ni nani? Waliopita ni wale walionong'onezwa na waliowatangulia kwamba ukiingia usihangaike, andika namba ya kitabuni kisha urudi kinyumenyume utunge na muda wa kuilinda, na mmoja wao, ambaye leo ni Mkuu wa Idara hiyohiyo na amekaa kiti cha tatu kutoka kushoto, alitusimulia kwa kicheko, kwenye sherehe ya kumuaga baba kazini, jinsi alivyomaliza jaribio akiwa hata uzi hajaufunga, na baba alicheka naye. Hivyo ndivyo idara ile ilivyoendesha chekeche lake, mchele ukimwagwa nje, pumba zikivalishwa joho.

Marehemu alijaliwa watoto wawili, mimi niliyezaliwa tarehe 22 Septemba 1975, na mdogo wangu wa kiume, aliyezaliwa Machi 1979, ambaye alipoona yaliyonipata alikimbilia uhasibu bila kugeuka nyuma, na hatumlaumu. Mimi niliingia chuo kwa baba mwaka 1993, nikiipenda fizikia kwa sababu ya duara lile la ubaoni, na Juni 1996 niliingia chumba kile nikiwa nimeshanong'onezwa kama wengine, maana hata mtoto wa Mwalimu hunong'onezwa, nikafunga uzi, nikapima mara nne, nikapata kumi nukta nne mara nne, nikafikiria kuandika nilichoambiwa, nikafikiria kijiti cha uwanjani na viboko sita, nikaandika kumi nukta nne. Baba hakuinua hata kichwa. Aliuliza, "Umepimia sayari gani?" mlango ukiwa wazi, wenzangu ukumbini wakisikia, na wakacheka kicheko kile cha watu wanaoomba zamu yao isifike.

Jumapili iliyofuata, tarehe 16 Juni 1996, baba akiwa amelala baada ya chakula cha mchana, niliitoa saa hii kwenye kabati la chumbani, kwa sababu mitihani ikiisha alikuja nayo nyumbani, hakumwachia mtu, nikaiweka kando ya redio ya mama jikoni, milio ya kutangulia taarifa ya habari ya saa nane ilipolia nikabonyeza, ya saa tisa ilipolia nikabonyeza, na katika saa moja nzima saa ya Mwalimu ilikuwa imepotea karibu dakika mbili. Nilifurahi, mjue hilo, nilifurahi kama mtu aliyeokota kitu cha mzazi wake kilichopotea, nikadhani nampelekea zawadi, nikamngoja aamke, nikampa chai, nikamweleza, naye akanisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Huwezi kukagua chombo cha maabara kwa redio ya jikoni." Mama, aliyekuwa anamenya vitunguu, akasema bila kugeuka, "Redio ya jikoni ndiyo inayokuamsha kila siku uende huko maabara," na baba akainuka, akaichukua saa, akairudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo.

Septemba nikapewa jaribio la marudio, na siku moja kabla baba alisimama mlangoni kwangu, akaniambia kwa upole ambao sijausahau, "Mama, kesho andika unachokijua," nami kesho yake nikaandika nilichokiona, kumi nukta nne, na barua ya kuniondoa chuoni ilikuwa na sahihi ya Mkuu wa Idara, sahihi nzuri, imenyooka, haikutetemeka hata herufi moja.

Nataka tuelewane hapa, ndugu waombolezaji, kwa sababu najua mpaka jioni itasemwa kwamba nimemvua mzee nguo siku ya maziko yake. Kabla ya tarehe 16 Juni 1996 baba alikuwa mtu aliyekosea, na kukosea hakumpunguzii mtu kitu, tunakosea wote, lakini kuanzia jioni ile alikuwa mtu anayejua, na aliendelea kuuliza sayari kwa miaka mingine kumi, mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, kila mwaka akiwatazama kwa juu ya miwani watoto wa watu walioandika kweli, watoto wa waashi wenziwe, akiwarudisha makwao. Angesema neno moja tu, saa ni mbovu, na dunia isingeanguka, ingeendelea kuvuta kama kawaida yake. Hakusema kwa kuwa angeulizwa, je, wale wa mwaka jana, na wa mwaka juzi? Alipaona ofisini kwa mwalimu mkuu wa mwaka 1956, akaingia, akakaa kwenye kile kiti, akashika kiboko.

Karatasi ya kamati inasema kwamba marehemu ametoa wataalamu walioenea kila mahali, na hilo ni kweli, ila kamati haikusema amewatoa kwa mlango upi. Wale waliokaa pamoja mstari wa mwisho, karibu na ukuta, wanajiita Watu wa Sayari, wanakutana kila mwaka, wote walifelishwa chumba kile, na wote iliwabidi waanze upya mahali pengine, wengine wakiwa na watoto mgongoni. Yule mwenye shati la kijani anasoma hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege, rubani haruki kabla hajamsikia, yule mama mwenye miwani ndiye anayepima mionzi ya mashine ya saratani hospitalini kila asubuhi kabla mgonjwa wa kwanza hajalala kitandani, na akiona namba si yake anaifunga mashine hata kama waziri yupo mlangoni, yule mrefu anafundisha fizikia sekondari, na somo lake la kwanza kila mwaka, ameniambia mwenyewe, ni kuwapa wanafunzi rula iliyokatwa kichwa na kungoja aone nani atalalamika. Mimi nilianza tena mwaka wa kwanza katika chuo kingine, mbali, nikamaliza mwaka 2000, na kazi yangu leo ni kukagua mizani za madukani na pampu za mafuta, wauza sukari wananijua kwa sura, hawanipendi, na ndivyo inavyopasa. Shangazi, hilo ndilo jibu la swali lako la mwaka 1965, limechelewa, lakini limefika, watu wa fizikia wanakuwa hao, na hata fundi redio yumo, yupo pale mwishoni kabisa, mnono, anarusha matangazo, na ile milio ya kila saa hupita mikononi mwake.

Wale wa tisa nukta nane nao wamefika mbali, sitawanyima haki yao, yupo mkurugenzi wa benki, wapo wahadhiri, yupo mhandisi wa madaraja, na msiwe na wasiwasi mnaporudi nyumbani, alishahamishiwa ofisini zamani.

Baba alipostaafu aliikabidhi saa hii kwa idara, na idara ikalipa lile jaribio jina jipya, Jaribio la Mwalimu, likaendelea katika chumba kilekile, kikapu kilekile, na wale vijana mnaowaona wamesimama pale kwenye kivuli cha ukuta, na mashati yao yaliyopigwa pasi, ni wanafunzi wa mwaka wa tatu, wataingia chumba hicho Jumatatu, tarehe 15 Aprili, yaani keshokutwa, na nimeambiwa kwamba saa itatoka hapa juu ya jeneza kwenda moja kwa moja mezani kwao, ikiwa na heshima zaidi kuliko ilivyokuja. Jana nilimfuata Mkuu wa Idara pale mlangoni, nikamwomba aipime kwanza, kwa saa yoyote, hata ya simu, akanishika bega, akasema, "Dada, huu si wakati wake, tumzike mzee kwanza." Nikamwangalia, nikakumbuka kwamba mwaka 1996 haukuwa wakati wake, na 2006 haukuwa wakati wake, nikarudi ndani nikayaandika haya upya.

Marehemu alianza kuugua moyo Novemba 2019, mapigo yakienda yanavyotaka yenyewe, akalazwa mara tatu, mara ya mwisho tarehe 18 Machi 2024, na hata pale wodini hakuacha kusimamia vipimo vya watu, muuguzi akimshika mkono kuhesabu mapigo alimwambia, "Rudia, umekosea," mpaka siku moja muuguzi akamjibu, "Mzee, moyo ni wako, saa ni yangu," na wodi nzima ikacheka, na yeye, nakiri, akacheka. Mimi nilikuwa naye mchana, mdogo wangu jioni, nilimwosha, nilimnyoa, nilimkata kucha, hatukuzungumzia sayari. Siku moja mgonjwa wa kitanda cha jirani alikuwa amewasha redio, milio ya saa saba ikalia, baba akautazama mkono wake ambao haukuwa na saa, akanitazama, akauliza, "Ile ya jikoni bado ipo?" nikamwambia ipo, akauliza, "Inasema kweli?" nikamwambia haijawahi kusema uongo, akageukia ukutani, na hakugeuka mpaka chakula kilipoletwa. Wapo watakaosema hiyo ilikuwa toba, baba mdogo ameshaisema, sasa mimi nilifundishwa na marehemu mwenyewe, siku za duara la ubaoni, kwamba usiandike usichokiona, na nilichokiona ni mgongo.

Baba alifariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka themanini, ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano, dada mmoja, mdogo mmoja, na saa moja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, hasa yule mwenye saa yake, tunawashukuru majirani waliotoa viti, maturubai na sufuria bila kuombwa mara mbili, tunawashukuru wafanyakazi wenzake marehemu na uongozi wa chuo kwa maua na kwa magari, tunawashukuru Watu wa Sayari, ambao hawakuwa na deni lolote kwake na bado wamekuja, na ninamshukuru mama, ambaye jana usiku kamati ilipomwomba anizuie aliwaambia, "Mwacheni asome yote, mimi nimeishi nayo."

Nimefika mwisho wa karatasi, na hapa chini kuna nafasi niliyoiacha wazi, sikuijaza jana wala leo asubuhi, ingawa naijua namba itakayokaa hapo kama ninavyolijua jina langu, kwa sababu namba haiandikwi kabla ya kupimwa. Namwomba Mkuu wa Idara ainuke, aje hapa mbele, aisimamishe saa hii, atusomee kwa sauti imetembea dakika ngapi na sekunde ngapi tangu nilipoanza, kisha kila mmoja wenu atazame saa yake na kutoa ile namba niliyomwomba aikumbuke. Zikilingana, nitapiga magoti hapa mbele ya wote nimwombe baba radhi, na saa iende chuoni na heshima zake. Zisipolingana, saa hii inashuka na mwenyewe leo, kaburi lipo, udongo upo, na ninyi vijana pale ukutani, Jumatatu mlango wa chumba kile mtaukuta uleule, kikapu kilekile, msiweke chochote ndani yake, ingieni na saa zenu mkononi.

Baba, pumzika kwa amani, muda wako tumeshautunza.

Mkuu wa Idara, karibu, bonyeza, usome unachokiona.